Fimbo Mbili za Tingatinga la Hajja

Miaka ile ya tisini, kabla ya simu za mkononi kutufikia, habari za kwetu zilisafiri kwa taar. Taar ni redio ya kuitana. Kila mji ulikuwa na kibanda chenye waya mrefu juu ya paa. Mtu anaongea akiwa Habaswein, mwenzake anamjibu akiwa Garissa, na kila aliyeketi karibu na kibanda chochote mpaka Mandera anasikia yote. Taar haikuwa na siri. Mume na mke wakigombana hewani, watu wa Banissa wasiowajua hata kwa sura walikuwa tayari wanawapatanisha.

Kwa hiyo nilipoitwa mimi, wilaya zote tatu, Garissa, Wajir na Mandera, ziliitwa pamoja nami. Nilikuwa chini ya lori, gereji yetu ikiwa karibu na soko la mifugo, mtu akaja mbio akanigonga miguu: "Fundi, toka! Hajja mmoja wa Habaswein anakutafuta hewani." Nikakimbia na grisi yangu mikononi. Sauti ya mwanamke mtu mzima ilikuwa inakwaruza kwenye spika.

"Fundi, iko tingatinga yangu ndogo. Mimi nasema twende mbele, yeye nakwenda bembeni kama fisi. Kuja kabla mvua. Umesikia? Kabla mvua!"

Kabla sijajibu, mwanamume wa kituo kingine akaingilia akicheka. "Hajja, uza chuma hiyo, nunua bunda!"

Hajja akamwambia kwamba punda tayari anaye, yuko hewani anaongea. Kibanda kizima kikaangua kicheko, nami nikapiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba nakuja.

Mimi ni mtoto wa Garissa. Baba alikuwa dereva kutoka Lamu, mama Mpokomo wa mtoni. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Kisomali nilijifunza kwa kugombana na watoto wa jirani. Nina hasira za karibu na furaha za karibu, na mitambo ndiyo inayoniletea zote mbili. Tingatinga dogo la namna ile nilikuwa nimeligusa mara moja tu, katika kambi ya wajenzi wa barabara, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiliota. Halina usukani. Lina fimbo mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila fimbo inaamuru magurudumu mawili ya upande wake. Sukuma zote mbili sawasawa, linakwenda mbele. Zivute, linarudi nyuma. Sukuma moja uvute nyingine, linazunguka papo hapo juu ya kivuli chake. Sasa nilikuwa napewa moja zima nilifungue nitakavyo, tena jeuri, tena la kizamani! Nilipanga spana zangu nikiimba.

Nilipanda juu ya lori la sukari na mchele, katika msafara uliolindwa na askari, nikafika Habaswein nikiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Hajja alikuwa ananisubiri penye maduka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye hina vidoleni na macho yasiyotulia mahali pamoja. Alinisalimu salamu zote, habari ya safari, ya mama, ya mvua ya Garissa, na nilipotaka kumuuliza juu ya mashine alininyooshea kikombe cha maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. "Kwanza kunywa," akasema. "Chuma haikimbii. Ingekuwa nakimbia ningekuita?"

Kwake kulikuwa mwendo wa mkokoteni kutoka madukani, kando ya silanga. Silanga ni bwawa la kuchimbwa, la kukinga maji ya mvua. Lile la kwao lilikuwa limejaa udongo miaka mingi, likabaki bonde la kina cha magoti. Mvua ikinyesha, maji yanatandaa juu, yanakauka, na kabla mbuzi hawajazaa mara nyingine watu wanahama tena. Hajja alikuwa amewatoa ngamia wake majike akachukua tingatinga lile kwa wakandarasi waliokuwa wanaondoka Wajir, ili auchimbe udongo ule na kuutupa nje. Alifanya hivyo bila kumuuliza shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Shemeji hakumsamehe.

Aliniambia shida yake waziwazi, akinionyesha ngamia wa mizigo waliofungwa karibu na nyumba zao za mikeka. Nyumba hizo hubomolewa na kubebwa, na huko porini wanawake ndio wanaozibomoa na kuzifunga juu ya ngamia: miti, mikeka, vibuyu vya maziwa, watoto wachanga, vyote vikae sawa kulia na kushoto.

"Mimi nafunga musigo ya ngamia tangu msichana," akasema Hajja. "Nafunga nikiwa na mimba. Nafunga nikiwa na homa. Nafuata maji maisha yangu yote. Sasa nimechoka, fundi. Sasa maji ifuate mimi."

Shemeji alikuwa ametoa neno lake. Watu wa sahan, yaani wapelelezi wa mvua na malisho, walikuwa wamekwisha kutumwa. Wakirudi na habari ya mvua, na silanga ikiwa bado imejaa udongo, boma zima lingefungasha kwenda upande wa Kutulo, na Hajja angefungasha pamoja nao, maana mwanamke mzee habaki peke yake na chuma kibovu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mashariki kila alasiri. Niliyatazama. Nikasema, Hajja, nionyeshe hilo fisi lako.

Lilikuwa limesimama ukingoni, rangi ya njano imebabuka, baketi la kuchotea udongo limeinama chini. Dereva wake alikuwa mtoto wa kaka yake Hajja, mwanamume wa makamo aliyechunga ngamia mpaka siku alipoambiwa apande mashine. Alikuwa mtaratibu mno. Alilisemesha tingatinga kwa Kisomali kabla ya kuliwasha, akaligonga ubavuni kwa kiganja, ndipo akapanda. Akasukuma fimbo zote mbili. Lile dude likaanza kwenda mbele, kisha likaanza kuinama kushoto, kushoto, kushoto, mpaka dereva akalazimika kuirudisha fimbo ya kulia ili linyooke. Alipoachia fimbo zote, ambapo lilitakiwa lisimame kama gogo, likaendelea kujikokota polepole kuelekea kwenye mbuzi. Watu waliokuwa wamekaa pembeni wakacheka. Hawakuwa wachache, maana taar ilikuwa imewaita.

Nilifurahi! Sitaficha. Mgonjwa anayekuonyesha maumivu yake mbele ya macho yako ni zawadi. Nikavua shati, nikainua kiti, nikaingiza kichwa.

Chini ya kiti, kila fimbo imeunganishwa kwa rodi na mkono mdogo wa pampu ya oili. Mkono huo ukiwa katikati kabisa, pampu haisukumi kitu na magurudumu yanasimama. Ukienda mbele, magurudumu yanakwenda mbele. Kadiri unavyozidi, ndivyo mwendo unavyozidi. Springi ndiyo inayourudisha katikati dereva akiachia. Basi. Siri nzima ya mashine ile ni kwamba kulia na kushoto wafike pamoja, waache pamoja. Nilipoishika rodi ya kushoto ikachezacheza mkononi mwangu, tena imepinda. Bushi yake, ile pete inayoishikilia, ilikuwa imelika mpaka tundu likawa na umbo la yai, na nati ya kuikaza ilikuwa imelegea. Dereva akisukuma fimbo mpaka mwisho, nusu ya nguvu ilikuwa inapotelea kwenye ule uwazi. Upande wa kushoto ulikuwa unachelewa kila mara, na springi haikuweza kuurudisha katikati. Nikatoa kichwa nikapiga kelele, "Nimelipata!"

"Alhamdulillahi," akasema Hajja. "Siku ngapi?"

"Mashallah, Hajja, mwache mtu apumue."

Bushi mpya Habaswein haikuwepo, wala Wajir, wala sijui wapi. Lakini nyuma ya maduka kulikuwa na lori lililokufa zamani, na lori lililokufa ni duka la vipuri. Nikatoa bushi moja ya shaba katika mguu wake wa mbele, nikaikata kwa msumeno wa chuma, nikaipiga tupa, nikaipima, nikaipiga tupa tena. Jua lilinichoma mgongo na sikujali. Rodi niliinyoosha kwa nyundo juu ya bampa la lori lile lile, nikifumba jicho moja na kuitazama kwa urefu wake kila baada ya pigo. Dereva alikaa nami, akinipa hiki na kile. Hakuwa mtu wa maneno, ila bushi ilipoingia mahali pake, ikabana vizuri bila kucheza, alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Kulirekebisha sasa ndiyo raha yenyewe. Tulilinyanyua kwa jeki tukalikalisha juu ya magogo ya mgunga, magurudumu yote manne hewani. Nikafunga kitambaa chekundu katika gurudumu la kushoto na kingine katika la kulia, nikamwambia dereva awashe. Nilikuwa nimelala kando, spana mkononi. Kwanza nikatafuta katikati: nalegeza nati, nazungusha rodi kidogo, nakaza, natazama. Gurudumu bado linatambaa. Tena. Bado. Tena, likasimama kabisa na injini inanguruma. Kisha nikatafuta mwisho wa mwendo, zile bolti mbili zinazozuia fimbo zisipite mpaka wake. Dereva akasukuma fimbo zote mpaka mwisho, na vitambaa vikaanza kuzunguka, cha kushoto nyuma kidogo ya cha kulia. Nikazungusha bolti. Kikamkaribia mwenzake. Nikazungusha unywele mmoja zaidi. Vitambaa viwili vikapanda pamoja vikashuka pamoja, vikapanda vikashuka, wala hakuna aliyemwacha mwenzake.

Niliruka juu. Nilimkumbatia dereva, nikamkumbatia na mzee mmoja ambaye simjui. Hajja akapiga kigelegele, akapanda mkokoteni wa punda papo hapo kwenda madukani kuleta dizeli, ili kazi ianze bila kupoteza hata saa moja.

Tukatoa magogo, tukaliteremsha chini. Dereva akapanda, akaligonga ubavuni, akasukuma fimbo zote mbili.

Likakata kulia.

Halikukata kidogo. Lilikwenda kulia mpaka likaingia kwenye ua wa miiba, mbuzi wakatawanyika na wanawake wakapiga mayowe. Nikamwendea dereva kwa ukali. "Ni mkono wako! Umezoea kuvuta fimbo ya kulia, sasa halitaki kuvutwa. Shuka!" Akashuka. Nikapanda mwenyewe, nikasukuma fimbo mpaka mwisho zote mbili, mikono yangu imenyooka kabisa. Likakata kulia. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena, likakata kulia vile vile.

Tukalinyanyua tena juu ya magogo. Vitambaa vikazunguka pamoja, sawa, safi. Tukaliteremsha, likakata kulia. Tukalinyanyua, sawa. Tukaliteremsha, kulia! Watu pembeni walikuwa wameacha kucheka wakaanza kushauri, jambo ambalo ni baya zaidi. Nikarusha spana chini kwa nguvu ikaruka ikanigonga mguuni, na nilimtukana aliyeivumbua.

Katikati ya haya mpelelezi wa sahan akarudi. Alikuwa kijana wa mbio, miguu imechanikachanika, na kabla hajanywa maji alisema ameona umeme ukipiga mfululizo mashariki, na harufu ya mvua ipo. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akanitazama mimi, akalitazama lile chuma ndani ya miiba, akawaambia wanawake waanze kukunja mikeka. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema chakula kiko tayari.

Roho iliniuma. Nilimfikiria Hajja njiani na pipa lake la dizeli, akirudi kukuta nyumba yake imelazwa chini. Nikajiambia, wewe fundi, kaa chini ufikiri, acha kuruka. Juu ya magogo ni sawa, ardhini si sawa. Basi ugonjwa hauko kwenye fimbo, wala rodi, wala pampu. Ugonjwa uko mahali ambapo ardhi inagusa. Nikatambaa nikayatazama matairi. Ya kushoto yalikuwa yamesimama. Ya kulia yalikuwa yamechutama. Tairi lililobonyea lina mzunguko mfupi. Magurudumu ya pande mbili yakizunguka sawa, upande wenye matairi mafupi unakwenda hatua fupi, na mashine inageukia huko. Nilitaka kulia kwa furaha! Nikaomba pampu ya mkono, dereva na mimi tukapokezana kutia upepo. Matairi ya kulia yakawa magumu kama ya kushoto, lakini yalikuwa bado yamechutama. Kitu kizito kilikuwa kimeyakalia.

Nyuma ya gurudumu la kulia kulikuwa na sanduku la chuma la vifaa, na juu yake uwazi mrefu ndani ya bodi. Nilikuwa nimeliona toka mwanzo. Lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha mkeka kilichopakwa grisi na vumbi, nami sikulijali kwa sababu halihusiani na fimbo. Sasa nikaufuta ule mkeka kwa mkono. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya ngamia, kwa fundo ambalo nimeliona maisha yangu yote juu ya ngamia wanaopita Garissa. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na mawe.

Mawe meupe makubwa ya Wajir, ya chokaa. Kule Habaswein ni mchanga mtupu, hata jiwe la kumtupia mbwa hulipati. Yalikuwa yamepangwa ndani ya sanduku na kwenye uwazi wa bodi, kila moja limeviringishiwa mkeka lisigongane na mwenzake, limebanwa kabisa lisicheze hata barabara ikiwa mbovu vipi. Ilikuwa kazi safi sana. Asiye na mwana aeleke jiwe, wamesema wahenga, na tingatinga lile lilikuwa limeeleka mgongo mzima. Nilianza kuyatoa nikiyapanga mchangani, na kila nililotoa niliona tairi likijiinua kidogo.

Nikamgeukia dereva. "Ulijua?"

"Nilijua," akasema.

"Siku zote hizi! Mbona hukuniambia?"

Akatazama chini. "Musigo si yangu. Aliyefunga ndiyo atasema." Kisha akaongeza polepole, "Ni eeddo wangu, fundi. Dada ya baba. Mimi niseme mbele ya mgeni amekosea kufunga musigo?"

Hapo ndipo nikaelewa. Lilipokata kushoto siku ya kulitoa Wajir, Hajja alilitazama kwa macho ya mtu aliyefunga mizigo ya ngamia tangu utotoni. Ngamia akiegemea upande mmoja hapigwi. Unaongeza upande wa pili mpaka asimame sawa. Basi akaongeza. Mawe yalilivuta kulia, rodi iliyozidi kulegea ikalivuta kushoto zaidi, na ugonjwa mmoja ukaficha mwingine. Nilipouponya wa kwanza, wa pili ukajitokeza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mkokoteni ukatokea. Hajja aliteremka na pipa lake, akaona mikeka inakunjwa, akaona tingatinga ndani ya miiba, kisha akaona mawe yake yamelala mstari mmoja mchangani. Akasimama. Shemeji naye alikuwa amesogea, kamba za mizigo begani.

"Fundi," shemeji akauliza, "hii mawe ni ya nini?"

Nakiri niliogopa. Akijua kwamba Hajja mwenyewe ndiye aliyelilemaza, neno la Hajja bomani lingekwisha siku hiyo, na hadithi ingefika Mandera kabla jua halijazama. Nikafungua mdomo. "Ni mawe ya kupimia uzito, mzee. Sisi mafundi..."

"Acha uongo," akasema Hajja. "Ni mimi. Ilikuwa inalala kushoto, mimi nikaweka kulia. Ngamia tunafanya hivyo hivyo." Sauti yake ilikuwa imenyooka lakini vidole vyenye hina vilikuwa vinakamata ncha ya shuka na kuiachia. "Ni makosa?"

"Kwa ngamia si makosa," nikasema. "Kwa hili ni makosa, Hajja."

"Haye," akasema. "Toa yote."

Alikuja akayatoa mwenyewe yaliyobaki, akiinama, bila kumtazama mtu. Hakuna aliyecheka. Dereva alimpokea kila jiwe kwa mikono miwili. Lilipotoka la mwisho nikamwambia dereva apande, na wakati huu nikamkumbusha kwamba mkono wake wa kulia usirudi nyuma hata kidogo, asahau yote aliyoyazoea. Akaligonga ubavuni. Akasukuma fimbo.

Likaenda.

Lilinyooka mbele kutoka kwenye miiba mpaka ukingo wa silanga, alama za magurudumu mbili nyuma yake mchangani zimenyooka kama uzi. Akaachia fimbo, likasimama pale pale na kutulia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Hajja alikuwa anakimbia kando yake, mtu mzima yule, amekusanya shuka mkononi. Hata wanawake waliokuwa wanakunja mikeka waliacha, na shemeji akabaki na kamba zake begani, hajui aziteremshe au azishike.

"Mpaka mvua," akasema mwishowe. "Si zaidi."

Tukachimba. Dereva alianza na alfajiri akaacha jua likizama, na mchana mimi nilimpokea akaswali na kula. Siku ya kwanza mkono wake wa kulia uliendelea kujirudisha wenyewe kwa mazoea, na tingatinga likawa linanesanesa, nikamkemea, akanichekea. Kufikia kesho yake alikuwa anapanda na kushuka mteremko ule na udongo umejaa baketi, ananyooka kabisa, anageuka papo hapo, anamwaga, anarudi. Kila asubuhi niliikagua bushi yangu ya lori lililokufa, nikaitia grisi, nikaikuta haijasogea. Furaha niliyokuwa nayo siku zile sijui nimeipata mara ngapi tena. Silanga ikazama mpaka ukiwa ndani huoni ngamia waliosimama nje. Ukingo ukapanda.

Hajja naye alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alikwenda Habaswein, akaingia kwenye kibanda cha taar, akachukua kipaza sauti, akatangaza mwenyewe kwa kila aliyekuwa anasikiliza kwamba yeye aliweka mawe ndani ya tingatinga lake, kwamba ilikuwa makosa, na kwamba sasa linanyooka. Mwenye kutaka kucheka acheke leo, akasema, kesho ana kazi. Yule mwanamume wa punda akajibu kutoka kituo chake, "Hajja, wallahi sicheki tena. Nikija na mbuzi, nitapata maji?"

Mvua ilituwahi alasiri, dereva akiwa ndani. Matone makubwa, mazito, harufu ya vumbi lililolowa, kisha mbingu ikafunguka. Nilimpigia kelele apande juu, na udongo ulikuwa umeanza kuteleza. Akasukuma fimbo zote mbili. Lingekata upande wowote mteremkoni pale, lingelala ndani na kuzama. Lilipanda limenyooka, likatoka, akalizima, akashuka akaenda kuweka paji la uso wake matopeni kumshukuru Mungu. Nyuma yake maji yalikuwa yanaingia silangani kwa kishindo.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na ukingo, mekundu, mazito kama chai ya maziwa. Boma zima lilisimama pale. Ngamia wa mizigo walikuwa bado wamefungwa, na mikeka iliyokunjwa ilikuwa imelowa. Watu walikuwa wanamtazama shemeji, na shemeji alikuwa anayatazama maji.

Hajja hakumngoja. Alikwenda penye ua wa miiba, mahali yale mawe yalikokuwa yamelala toka siku tulipoyatoa, akachagua matatu, akayabeba moja moja kifuani mpaka mbele ya nyumba yake, juu kidogo ya ukingo. Akayapanga mafiga. Akaleta kuni alizozificha mvua isizifikie, akawasha, akabandika sufuria. Mawe yale yalikuwa yamenyonya oili na grisi kwa muda mrefu, moshi ukawa mweusi.

"Nilikuwa nimefunga pande mbaya," akaniambia, akipuliza moto. "Sasa nimefungua."

Dereva akaenda kuwafungua ngamia wa mizigo, mmoja mmoja, wakaenda malishoni bila kitu mgongoni. Shemeji alikaa chini karibu na moto, kamba zake zikiwa zimelala kando yake kwenye matope. Chai ilinuka oili ya injini kutoka funda la kwanza mpaka la mwisho, na yeye ndiye aliyeomba kikombe cha pili.